Kabla ya Kuuliza Shule Imepata Ngapi, Uliza Ni Nani Waliomo Darasani

Mazungumzo ya Afisa wa Mawasiliano wa Kaunti ya Kilifi na wazazi, walimu na wanachama wa bodi za shule za msingi

 

Nimeombwa nizungumze nanyi kuhusu matokeo ya shule zetu za msingi za umma. Kila matokeo yanapotoka, swali linaloifikia ofisi yetu ya mawasiliano ni moja: "Shule gani imeongoza?" Swali la pili hufuata papo hapo, tena kwa sauti ya uchungu: "Shule yetu imeanguka. Mtoto nimhamishie wapi?"

Maswali hayo ni ya haki. Mzazi anayeuza samaki Ngomeni au kuchoma makaa Ganze ili mtoto apate daftari, ana haki ya kujua kama juhudi yake inazaa. Lakini nimekuja kuwaambia jambo moja, na nitalirudia kabla sijaketi. Nambari ya shule haisomeki peke yake. Husomwa pamoja na rejista: watoto ni wangapi, wametoka wapi, wamepitia nini, na wangapi waliokuwemo mwaka jana hawamo leo. Ukiisoma nambari bila rejista, utaisifu shule isiyostahili na kuilaumu iliyofanya kazi.

Tulikotoka

Wenye umri wa makamo mnakumbuka Januari 2003. Serikali ya Rais Mwai Kibaki iliondoa karo katika shule za msingi za umma, na kwa mwaka mmoja wanafunzi nchini wakaongezeka kutoka karibu milioni 6 hadi zaidi ya milioni 7. Waliingia watoto waliokuwa wakichunga mbuzi, wasichana waliokuwa wakilea wadogo zao, vijana waliopita umri wa darasa la kwanza. Mwaka uliofuata akaingia hata Mzee Kimani Maruge, aliyejiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, akiwa na umri wa miaka 84.

Madarasa yalikuwa yale yale, walimu wale wale, madawati yale yale. Haukupita muda, ikasemwa kwamba elimu ya umma imeharibika. Wenye uwezo wakahamishia watoto wao shule za kibinafsi. Ni kweli kwamba msongamano ulileta shida, na hakuna anayeweza kuukana. Lakini kitu cha kwanza kilichobadilika kilikuwa majina kwenye rejista. Mtoto ambaye mwaka 2002 hakuhesabiwa popote kwa sababu alikuwa nyumbani, sasa alihesabiwa. Aliyelinganisha matokeo ya kabla na baada ya 2003 alikuwa akilinganisha makundi mawili ya watoto tofauti, huku akidhani analinganisha shule.

Mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ulituzoesha kuhesabu kwa alama 500 na kuzipanga shule kama timu za ligi. Mwaka 2014 Wizara ya Elimu ilitangaza kukomesha upangaji huo wa nafasi, lakini mazoea hayaondoki kwa tangazo. Leo tuna mtaala wa umilisi na tathmini ya KPSEA katika Gredi ya 6, iliyoanza mwaka 2022. Bado watu wanauliza ni nani nambari moja.

KPSEA inasema nini

Naomba tuelewane hapa, maana upotoshaji ni mwingi. KPSEA haimchujii mtoto nje. Kila mwanafunzi wa Gredi ya 6 huendelea hadi Gredi ya 7 katika sekondari msingi. Kulingana na mpango wa Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, tathmini hiyo huchangia asilimia 20 ya matokeo yatakayotumika mwanafunzi amalizapo Gredi ya 9. Tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 huchangia asilimia 20 nyingine, na KJSEA ya Gredi ya 9 huchangia asilimia 60.

Ripoti ya mtoto haina nafasi ya kwanza wala ya mwisho. Ina viwango: kuzidisha matarajio, kufikisha matarajio, kukaribia matarajio, na mbali na matarajio. Ripoti ikisema mwanao yu mbali na matarajio katika Hisabati, haijamfukuza. Imekwambia asaidiwe wapi kabla hajafika Gredi ya 9. Mzazi anayeikunja na kuificha kwa aibu ametupa barua iliyoandikwa kwa ajili yake.

Rejista inasimulia nini

Sasa tuichukue rejista yenyewe. Tuwatazame watoto waliofanya KPSEA mwaka 2025. Mwaka 2020 walikuwa Gredi ya 1. Shule zilifungwa katikati ya Machi mwaka huo kwa sababu ya korona, na wao hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Gredi ya 1 ndiyo mwaka wa kuunganisha herufi na sauti. Mtoto aliyekuwa na simu, intaneti na mzazi wa kumfundisha nyumbani aliendelea. Mtoto ambaye nyumbani hakuna kitabu, na ambaye mama hutoka alfajiri kwenda shambani au kwenye kazi ya kibarua, alirudi akiwa amesahau hata alichokuwa ameanza kukijua.

Kabla hawajatulia, ukaja ukame. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua mfululizo ilikosekana katika maeneo kame ya nchi, na kaunti yetu ni miongoni mwa zile zinazohesabiwa kuwa kame na nusu kame. Wakazi wa Ganze na bara ya Magarini hawahitaji kuelezwa. Mifugo ilikufa. Familia zilihama kufuata maji. Mtoto alipoamka, safari ya kwanza ilikuwa ya kwenda kwenye silanga na mtungi, na shule ilisubiri.

Hao ndio watoto tunaowapima. Msichana wa Mtwapa na msichana wa Ganze wote wameandikwa "Gredi ya 6", lakini njia zao hazikufanana. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,453,787 katika Kaunti ya Kilifi. Wamo wafanyakazi wa hoteli Malindi na Watamu, wavuvi, wafanyakazi wa mashamba ya chumvi huko Gongoni, wagema, wakulima wa mahindi na mihogo, na wafugaji. Shule ya umma haichagui miongoni mwao. Hupokea kila anayekuja, na ndiyo maana ikaitwa ya umma.

Kuna jambo la lugha pia. Sera yetu ya elimu inataka mtoto wa madarasa ya chini hadi Gredi ya 3 afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Kijijini hiyo inaweza kuwa Kigiriama, Kichonyi au Kirabai. Mjini, ambako watoto wametoka makabila mengi, huwa ni Kiswahili. Kuanzia Gredi ya 4, Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia. Kwa hiyo mtoto wa bara, anapoketi kujibu swali la Sayansi katika Gredi ya 6, analijibu kwa lugha yake ya tatu. Akikosea, mwalimu mwerevu hujiuliza kwanza: amekosa Sayansi, au hakulielewa swali?

Hesabu inavyoweza kutudanganya

Nitatoa mfano wa kubuni, wenye nambari nyepesi. Shule ya kwanza ina wanafunzi 30 waliofanya tathmini, na 24 walifikisha matarajio. Hiyo ni asilimia 80. Shule ya pili ina wanafunzi 50, na 33 walifikisha matarajio. Hiyo ni asilimia 66. Mtaani jibu liko wazi: shule ya kwanza ni bora, na wazazi wanapanga foleni ya kuhamisha watoto.

Sasa fungueni rejista za mwaka uliotangulia, Gredi ya 5. Shule ya pili ilikuwa na watoto 50, na wote 50 ndio waliofika Gredi ya 6. Shule ya kwanza ilikuwa na watoto 40. Kumi wako wapi? Waliokuwa nyuma katika kusoma waliambiwa warudie darasa, na wengine wazazi wao wakashauriwa kwa upole kwamba "hapa mtoto hatafaa, mtafutie shule nyingine." Ukiwarudisha wale kumi kwenye hesabu, bila hata mmoja wao kufikisha matarajio, 24 kwa 40 ni asilimia 60. Iliyoonekana ya kwanza imekuwa ya pili. Na shule iliyodharauliwa ndiyo iliyowafikisha watoto wengi zaidi, 33 dhidi ya 24, bila kumwacha yeyote njiani.

Sisi watu wa Kilifi tunaijua mnazi, kwa hiyo methali hii ni yetu kweli: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Shule ikisifiwa kwa nambari pekee, itatafuta njia ya kuipamba nambari. Njia rahisi kuliko zote ni kumwondoa mtoto anayeishusha. Na mtoto huyo mara nyingi ni yule yule: aliyechelewa kuanza shule, mwenye ulemavu ambao hakuna aliyeushughulikia, anayekosa masomo siku za soko, au msichana aliyejifungua na kurudi.

Sheria imeliona jambo hili. Katiba, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, katika kifungu cha 35, inakataza mwanafunzi kuzuiwa asipande darasa. Sheria hiyo pia hairuhusu shule ya umma kumpa mtoto mtihani ili imkubali au imkatae. Mtihani unaoruhusiwa ni wa kumpangia kiwango kinachomfaa. Na mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2020 unataka msichana aliyekatiza masomo kwa ujauzito arudishwe shuleni. Mzazi akiambiwa amwondoe mwanawe kwa sababu "anaharibu wastani", aende kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Asirudi nyumbani na mtoto mkononi akidhani hiyo ndiyo sheria.

Jina lisiloandikwa

Rejista ina kazi nyingine, nayo inahusu pesa. Serikali ya kitaifa imeweka mgao wa Sh1,420 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma kwa mwaka. Fedha hizo hufuata mtoto aliyesajiliwa, na usajili katika mfumo wa NEMIS ulikuwa ukidai cheti cha kuzaliwa. Mtoto asiye na cheti alikuwepo darasani, alikalia dawati, alitumia chaki, lakini kwenye mgao hakuwepo.

Tupige hesabu. Darasa lenye watoto 80 lingestahili Sh113,600. Kama 15 hawakuwa na vyeti, shule ilikosa Sh21,300 kwa darasa hilo moja. Fikirieni vitabu na chaki vinavyoweza kununuliwa kwa pesa hizo. Kisha mwisho wa mwaka darasa zima, wote 80, walipimwa. Kwa hiyo ninyi wazazi mnaosema cheti mtachukua siku nyingine, mjue kwamba siku hiyo ililipiwa na mtoto wa jirani pia. Anzeni kwa naibu wa chifu, awape fomu.

Kazi ya kaunti, kazi ya serikali ya kitaifa

Najua kuna mzee hapa anataka kuniuliza: "Basi mbona kaunti haiajiri walimu wa msingi?" Jibu limo katika Katiba. Jedwali la Nne limezipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulea watoto. Shule ya msingi na sekondari ni za serikali ya kitaifa, na walimu wake huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Kwa hiyo upungufu wa mwalimu wa Gredi ya 4 tunaweza kuupigia kelele, lakini hatuna mamlaka ya kuujaza. Upungufu wa mwalimu wa chekechea, huo tuulizeni sisi, tena bila kutuonea haya.

Na chekechea ndiyo mlango wa rejista yote ninayoizungumzia. Mtoto aliyepita chekechea huingia Gredi ya 1 akijua kushika penseli, kuketi, kusikiliza, kuhesabu mawe. Aliyeruka hatua hiyo huanza akiwa nyuma, na mwalimu mwenye watoto 80 hana wakati wa kumsubiri. Pengo la Gredi ya 6 mara nyingi lilianzia hapo, kwenye mtoto wa miaka minne aliyebaki nyumbani kwa sababu kituo kilikuwa mbali, au kwa sababu hapakuwa na uji. Waliosoma miaka ya 1980 wanakumbuka maziwa ya Nyayo, mpango ulioanza mwaka 1979. Kulikuwa na watoto walioamka mapema kwa ajili ya pakiti ile. Chakula humleta mtoto shuleni kabla kitabu hakijamvuta.

Isigeuke kisingizio

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Kuna wanaosikia maneno haya wakafurahi kwa sababu isiyo nzuri. Watasema: "Watoto wetu ni maskini, wametoka bara, msitarajie mengi." Hapana. Umaskini wa mzazi hauelezi kwa nini mwalimu hayupo darasani Jumatatu. Ukame haulezi kwa nini vitabu vimefungiwa stoo na panya wanavisoma. Lugha ya nyumbani haielezi kwa nini daftari la mtoto halijasahihishwa tangu muhula uanze.

Ninachosema ni kwamba shule ilinganishwe kwa haki. Kwanza, ijilinganishe na nafsi yake: watoto hawa hawa walikuwa wapi Gredi ya 3, na wamefika wapi? Pili, ilinganishwe na shule yenye watoto wa hali kama yao. Shule mbili za bara, zenye ukame ule ule na idadi ile ile ya walimu, moja ikisogea na nyingine isisogee, hapo pana la kuuliza. Na pana la kujifunza, maana walimu wa shule iliyosogea wako karibu, wanaweza kualikwa.

Maswali ya kubeba

Mkutano wa wazazi wa muhula huu ukiitishwa, msiende mikono mitupu. Bebeni maswali haya.

La kwanza: Watoto waliofika Gredi ya 6 mwaka huu, walipokuwa Gredi ya 1 walikuwa wangapi, na waliopungua wako wapi?

La pili: Katika waliopungua, wavulana ni wangapi na wasichana ni wangapi? Wenye ulemavu je?

La tatu: Siku za soko, za mavuno na za kuteka maji, wanaokosa shule ni wangapi kwa wiki?

La nne: Watoto wa Gredi ya 3 wanaoweza kusoma ukurasa mmoja na kueleza walichosoma ni wangapi?

La tano: Ni watoto wangapi hawana vyeti vya kuzaliwa, na tutawasaidiaje kabla ya muhula kwisha?

Maswali hayo hayahitaji kompyuta. Majibu yamo katika daftari la mahudhurio na katika kichwa cha mwalimu wa darasa. Mwalimu mkuu asione anashambuliwa akiulizwa. Katiba, katika kifungu cha 35, inampa mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na shule ya umma ni ya umma. Wazazi nao waulize kwa heshima, maana wengine wetu mara ya mwisho kukanyaga shuleni ni siku tuliyompeleka mtoto kusajiliwa.

Nilisema nitalirudia neno langu kabla sijaketi. Nambari ya shule husomwa pamoja na rejista. Mkiona shule imepanda, tafuteni kwanza kama watoto wote wamo. Mkiona imeshuka, tafuteni kama imepokea watoto ambao wengine waliwakataa. Na mkikuta jina la mtoto limekatwa kwa wino mwekundu bila maelezo, msiufunge ukurasa. Jina hilo lina nyumba hapa kijijini. Nendeni mkabishe hodi.

 Sasa nitapokea maswali, na yale ya chekechea naomba yaje kwanza.